Mifuko Iliyopasuka

Solange mwanangu,

Tuko nyumba moja, ukuta mmoja tu kati yetu, nami nakuandikia kana kwamba umeshafika Mokambo, kule mpakani. Nakusikia unavyoburuta sanduku lako sakafuni. Ningeweza kugonga mlango, nikaingia, nikasema. Lakini nakujua na unanijua: ningepandisha sauti, ungenijibu, na mama yako angekuja mbio kutoka jikoni kututenganisha. Karatasi haina mlango wa kubamiza, basi kaa nayo.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya nani wa kumsalimia huko na nani wa kumkwepa, mama yako atakujaza masikioni mpaka lori liwake. Mambo ya ghala jipya la huko pia siyagusi. Umesoma, unajua kodi, unajua forodha. Ile programu uliyoiweka kwenye simu inaniambia mifuko iliyoingia na iliyotoka hata nikiwa nimekaa kanisani. Naipenda, leo nakiri. Nilikuwa nabisha kwa sababu sikutaka mtoto niliyemfunga nepi anione nikiishangaa simu.

Nataka kuongea juu ya kofi ulilompiga Odette Jumamosi.

Usiikunje barua. Najua ndiyo kwanza unataka kuikunja.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ghala, nyuma ya mizani. Mlikuwa mmemaliza kuhesabu rundo la unga. Simu ilisema hivi, rundo likasema vingine, na rundo ndilo lililopungua. Odette alikuwa ameshika ufagio. Huyu ni Odette aliyetunza ghala letu miaka yote uliyokuwa unasoma, ambaye unamwita Ya Odette kwa sababu ni mkubwa kwako. Ulimwuliza mifuko iko wapi. Akafungua mdomo. Hilo niliona kwa macho yangu: alifungua mdomo ajibu, na kofi likamfika kabla neno halijatoka. Kitambaa kilimruka kichwani. Damu ilimtoka puani ikadondokea unga uliomwagika chini, ikafanya madonge. Nawe hukutosheka. Ulimshika blauzi ukamsukuma mpaka mgongo wake ukagonga mlango wa bati, ukampigia kelele ambayo barabara nzima ilisikia:

“Mwivi weye! Toka mu depo yetu! Na ku Mokambo usifike!”

Alikuwa aende nawe kesho. Alikuwa ameshauza kitanda chake.

Aliokota kitambaa, akakikung'uta unga, akatoka pole pole. Mtu mzima mwenye ghala lake, nilibaki nyuma ya mizani nimefumba mdomo, maana mkono niliouona ukiruka pale niliujua. Ni mkono wangu. Niliona aibu, nikajifanya natafuta mawe ya mizani.

Sasa tuseme habari za baba yako mdogo Ngoie. Usiniambie ulikuwa mtoto. Ulikuwa umekaa juu ya mifuko ya sukari, unatafuna muhogo, miguu inaning'inia. Uliona. Na tangu siku ile humu ndani tumekubaliana, bila mtu yeyote kusema tukubaliane, kwamba Ngoie ana sikio moja bovu na taya lililopinda, basi, kama mtu aliyezaliwa hivyo. Nyinyi watoto wote mnajua kumwita kutoka upande wa kulia. Noeli tunamwachia kiti cha pembeni ili sikio zima lielekee meza. Tuna adabu nzuri sana. Hasira inanipanda nikiifikiria hiyo adabu yetu.

Wewe uliona ubao ukipanda na kushuka. Kilichotangulia hukukiona, na ndicho ninachotaka ukibebe, hata kama sanduku limejaa.

Babu yako aliletwa na reli kutoka kaskazini akawa kapita mgodini, yaani msimamizi wa kundi la wachimbaji. Mpaka anakufa aliita Jumamosi siku ya posho, siku ambayo mgodi uliwapimia unga. Jioni, kabla ya watu kuachiwa, zana zilipangwa chini: sepeto, sururu, taa. Babu yako anahesabu. Sepeto ikikosekana, mtu wa mwisho kwenye mstari anapigwa, awe ameichukua au hajaichukua. Kazi hiyo aliileta nyumbani. Vijiko vya mama yangu vilihesabiwa. Kijiko kikikosekana, mimi na Ngoie tulivuliwa mashati tukapigwa mkanda, upande wa kifungo cha chuma. Migongo yetu ilikuwa inashikana na shuka asubuhi. Mimi ndiye mkubwa, lakini mara nyingi Ngoie ndiye aliyesema, “Ni miye, papa,” ili yaishe haraka. Hakuwa amegusa kijiko chochote. Tulikipata baadaye kwenye maji machafu ya vyombo, na hakuna aliyemwomba Ngoie msamaha. Kwetu kuhesabu na kupiga vilitoka tumbo moja.

Biashara yetu ilianza na meza. Mama yako aliuza unga kwa meka, lile kopo la kupimia, hapo hapo mtaani Kampemba mbele ya lupango, yaani ua wetu. Wakati wa meza hukuhitaji kuandika, macho yalitosha. Halafu tukapata ghala, halafu malori yakaanza kuja kutoka Mokambo, nami nikajiona bwana mkubwa. Nikabandika karatasi ukutani, upande mmoja iliyoingia, upande mwingine iliyotoka. Nikampa Ngoie funguo.

Mfuko wa unga hupasuka, Solange. Unapasuliwa na kamba, na misumari ya lori, na panya, na wabebaji wanaoutupa kama wana ugomvi nao. Ukiuacha kwenye rundo unamwagika na kuita wadudu. Siku moja, nikiwa nakula, mdomo umejaa bukari, ugali wetu, nilimwambia Ngoie:

“Mufuko yenye inapasuka usiache mu lundo. Peleka kwa mama pale mbele, auzishe na meka.”

Ngoie akatii. Mimi nikasahau kama mtu anavyosahau kwamba alipiga chafya. Mama yako akauza. Pesa ile ikawa sabuni, ikawa daftari zako, ikawa samaki wa Ijumaa. Mimi nilikuwa nakula samaki bila kujiuliza ametoka wapi. Kwenye karatasi yangu ya ukutani mifuko ile bado ilikuwa imesimama ghalani, mizima.

Ukaja msimu wa mvua mbaya. Barabara iliharibika, malori yalifika yamelowa, yamepigwapigwa, mifuko inatapika unga. Nami wakati huo nilikuwa nimekopa benki kule mjini na silali vizuri. Jumamosi moja nikahesabu. Rundo lilikuwa fupi kuliko karatasi, tena fupi sana. Damu ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanavuma.

“Mifuko iko wapi?”

“Yaya, sikia kwanza. Ile yenye ilipasuka...”

Aliniita Yaya, kaka yake mkubwa, nami sikusikia kwanza. Nilikuwa nimeshang'oa ubao kwenye zile fremu tunazolazia mifuko, na ubao ulikuwa na msumari. Pigo la kwanza lilimpata sikioni. Alizunguka, akashika rundo, mifuko ikamwangukia. Alipoinuka alikuwa mweupe kwa unga mwili mzima isipokuwa upande mmoja wa shingo, uliokuwa mwekundu. Nilimpiga tena. La pili au la tatu lilimvunja taya. Nilisikia likivunjika na sikuacha. Nakuambia hili kwa sababu watu husema hawakujua wanafanya nini. Mimi nilijua. Nilikuwa naona raha, mwanangu, raha ya mtu aliyepata jibu la hesabu yake.

Ndipo akasema, na damu inamtoka mdomoni, maneno hayatamkiki vizuri: “Ni miye, Yaya. Ni miye. Acha.”

Neno hilo nilikuwa nalijua tangu utoto. Mtu mwingine yeyote duniani angeweza kudanganyika nalo, ila mimi tu. Nami nikalipokea kama ushahidi.

Nilimvuta miguu mpaka barabarani nikapiga kelele, “Mwivi!” Nilitaka mtaa ujue, na wafanyakazi wengine wajue. Kwetu neno hilo huitikiwa kabla halijaisha. Walitoka kwenye kila lango, wakiwa na mawe, na mbao, na mtu mmoja na nyundo ya kuvunjia mawe. Kuna mtu simjui mpaka leo aliyekuwa anakanyaga vidole vya ndugu yangu kwa kisigino, pole pole, kama mtu anayezima sigara. Tairi likaja linabiringishwa. Nikasikia, “Mulete mafuta!” Hapo nikaamka. Nilijitupa kati yao.

“Muache! Uyu ni ndugu yangu!”

“Mwivi hana ndugu, papa,” mmoja akanijibu, tena kwa heshima, akanisukuma kifua nikaanguka mtaroni. Kelele niliyoipiga haikuwa yangu tena. Nililia mle mtaroni na hakuna aliyenitazama.

Mama yako alitoka na meka mkononi. Nguo yake imejaa unga, kitambaa hana. Aliwapiga usoni kwa kopo lile, mmoja baada ya mwingine, akipasua njia, hata akamfikia Ngoie akamlalia mwili mzima.

“Ile mifuko njo miye naliuzisha! Miye! Na hii meka! Ile bunga munakulaka bote! Munipige miye!”

Jiwe lilimpata juu ya jicho. Ile alama unaijua. Lakini watu walisita, kwa sababu alisema kweli. Nusu ya waliokuwa wanapiga walikuwa wamenunua unga ule kwake wiki ile ile, na bukari yake ilikuwa bado tumboni mwao. Wakaanza kutazamana. Wakaondoka kimya kimya, kila mtu na jiwe lake, na tairi wakaliacha.

Na wewe ulikuwa umesimama langoni. Muhogo ulikuwa umeutupa. Mkononi ulikuwa umeshika jiwe.

Sijui kama ulikuwa umesharusha jingine, au kama hukupata nafasi. Sijawahi kuuliza na siulizi leo. Ulimpenda baba yako mdogo kuliko ulivyonipenda mimi, yeye ndiye aliyekubeba mabegani kwenda kanisani. Lakini ulinisikia mimi nikisema mwizi, ukaokota jiwe. Mama yako ndiye aliyekufungua vidole, kimoja kimoja, na damu yake ikakudondokea kwenye gauni. Jumamosi hii, mkono wako ulipomrukia Odette, ndilo jiwe nililoliona.

Ngoie alifungwa taya kwa waya. Alikunywa uji kwa mrija. Nililipa hospitali, nikamnunulia baiskeli, nikamnunulia suti ya Pasaka, na alipopona nikamrudishia funguo mbele ya watu. Neno moja tu sikumpa. Unajua tulivyo: mkubwa hamwendei mdogo kuomba msamaha. Mkubwa ananunua vitu. Baiskeli ile ilishakufa kwa kutu na mimi bado nanunua.

Akarudi kazini. Mfuko wa kwanza uliopasuka, unga wake alimpelekea mama yako; ganda lake, yaani mfuko mtupu, akalikunja, akalifunga kwa kamba kwenye pembe ya ghala. Akanitazama. Hakuondoa macho mpaka nilipoelewa. Kuanzia hapo, siku ya kuhesabu, tulihesabu mizima, tukahesabu na maganda, tukajumlisha. Kilichopungua kikaonekana kimekwenda wapi. Odette alipokuja alifundishwa hivyo hivyo. Hakuna mtu aliyepigwa mle ndani tena mpaka Jumamosi.

Ulipoleta simu uliona lile furushi la maganda pembeni ukasema ni uchafu, linaleta panya, liuzwe. Ulisema ukiwa unapita, macho yako kwenye simu. Odette akatii. Akaendelea kutii: kila mfuko uliopasuka, unga ulikwenda mbele na ganda likauzwa. Na simu yako inajua kuingia na inajua kutoka. Kupasuka hujaifundisha.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa yule mama wa makaa wa kwenye kona, anayenunua mifuko mitupu. Nilikaa kwenye kigoda chake na suti yangu ya kanisani, nikapekua maganda yake. Yetu yote yalikuwepo, yamechanwa, meusi kwa makaa, na nembo ya unga bado inasomeka. Ile mifuko uliyomtolea mtu damu iko pale. Nenda ukaione ukitaka, mikono yangu mpaka leo haijatakata.

Hilo la simu utalirekebisha kabla chai haijapoa, utaongeza mahali pa tatu. Siandiki kwa ajili ya hilo.

Naandika kwa sababu unakwenda mahali ambapo mimi sipo, una funguo, una mkono kama wangu, na hakuna mwanamke mwenye kopo atakayekimbia kutoka nje kukuzuia. Hesabu zitapungua. Biashara ikikua inapungua hapa na pale kila wiki, kwa mvua, kwa panya, kwa wizi pia, maana wezi wapo, siwezi kukudanganya. Sikuombi uwe mpole. Wapole tuliwaona, walifunga maduka. Nakuomba tu mtu akifungua mdomo umwache amalize, hata kama kichwa kinachemka, hata kama una hakika. Mimi nilikuwa na hakika. Na akikuambia “ni miye” haraka haraka, usifurahi. Tazama kwanza kama anaogopa mkono wako.

Jana Ngoie alinijia. Alikuwa amesikia ya Odette. Alisimama mlangoni, hakunitazama, akasema:

“Nitaenda naye ku Mokambo. Uyu mutoto anafanana na weye. Inafaa muntu akuwe karibu yake.”

Miaka yote hii, hilo ndilo neno la kwanza alilonipa juu ya siku ile. Unajua nilisema nini? Nilimwuliza kama anahitaji koti, kwa sababu kule asubuhi kuna baridi. Akacheka kwa lile taya lake, akaenda zake.

Kesho lori litapita njia ya kwa Odette. Amelala kwenye mkeka, kitanda si kimeuzwa. Siwezi kwenda kwa niaba yako, kofi si langu. Dereva nimemwambia akusikilize wewe tu. Ukisema apite bila kusimama, atapita, na mimi sitakupigia simu kukuuliza.

Lakini la kwangu nitalifanya kabla hamjaondoka. Ngoie atakuwa anafunga turubai. Nitamwendea upande wa sikio lake zima, mbele ya dereva, mbele ya wabebaji, mbele ya jirani wote watakaokuwa wametoka kuwaaga, maana siku ile pia walitoka. Sijui nitasema nini. Leo nilijaribu kusema ghalani peke yangu, mbele ya mifuko, nikajiona mjinga. Huenda atanisikiliza mpaka mwisho, huenda atanigeuzia sikio bovu. Ana haki.

Usiingie kwenye lori mapema. Simama langoni, pale pale uliposimama siku ile.

Baba yako